Kengeza Lisije Likawa Chongo

Shimoni, Kwale

Maji yalikuwa yamekupwa kiasi cha kuziacha wazi ngazi za chini za gati la Shimoni, zikiwa na utelezi wa mwani, na abiria waendao Wasini walikuwa wakishuka mmoja mmoja kuingia mashuani, kila mtu kwa kadiri ya siha na umri wake, ilipowadia zamu ya mtoto wa kiume wa miaka 6, ambaye aliinua mguu, akauzuia hewani, akaurudisha. Akauinua tena, na mara hii akaukanyagisha mahali ambapo ubao wa mashua haukuwapo. Nahodha alimdaka kwa ukosi wa shati kabla bahari haijamdaka.

Watu walicheka, si kwa ubaya, bali kicheko cha majirani waliokwisha kulizoea jambo. Mmoja akamwita kwa lakabu yake, ambayo sina haja ya kuitaja, kwa kuwa kila aliyekulia pwani anajua mtoto ambaye jicho lake moja limeelekea puani huitwaje na wenziwe.

Bibi yake alikuwa amekwisha keti upande wa tezi, leso ameivuta kichwani kwa ajili ya jua. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba mjukuu wake si mwoga wala si mpumbavu, na kwamba chuoni huzihifadhi sura kwa sikio upesi kuliko wenziwe, ila ngazi, na mpira, na sindano ya kutungia uzi, vitu hivyo vitatu vimemkataa tangu alipopata fahamu.

Nilimwomba ruhusa nimfanyie mtoto jambo dogo lisiloumiza. Nikalifunika jicho la kushoto, lile lililopinda, kwa kiganja changu, nikamwomba aniambie anaona nini ng'ambo ya mkondo. Naye akanitajia miti ya Wasini, paa za mabati, na mashua moja yenye tanga lililotiwa kiraka. Kisha nikalifunika la kulia. Alinyamaza. Akageuza kichwa huku na huku kulitafuta pengo baina ya vidole vyangu, na alipolikosa akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauondoa, akasema kumeingia moshi.

Bibi akaacha kuzungumza.

Macho mawili, sura moja

Msomaji akikinyoosha kidole chake mbele ya pua, akalifumba jicho moja, kisha akabadilisha, atakiona kidole kikiruka kutoka upande huu hadi ule. Maana kila jicho, kwa kuwa limetengana na mwenziwe kwa takriban sentimita 6, lina sura yake lenyewe ya dunia, na ni ubongo unaozitwaa sura hizo mbili zisizolingana, ukazifuma kuwa moja, na katika ile ile tofauti yao ukapata kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Jambo hili halikuvumbuliwa jana. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Misri yapata mwaka 1040, alilishughulikia kwa kirefu katika Kitab al-Manadhir, akatengeneza ubao mwembamba wa urefu wa dhiraa moja, akauchora mistari ya rangi mbalimbali, akauegemeza baina ya macho yake, na kwa kuutazama tu akathibitisha kwamba kitu ambacho macho yote mawili yamekikazia huonekana kimoja, ilhali kilicho mbele au nyuma ya hapo huweza kuonekana viwili. Ikabidi karne nane zipite ndipo Charles Wheatstone, huko London mwaka 1838, alipoonyesha kwa vioo viwili na picha mbili tambarare kwamba tofauti hiyo ndogo peke yake yatosha kuufanya ubongo uone kina mahali pasipo na kina.

Ili hayo yawezekane, shurti macho yaelekee mahali pamoja, na kila jicho hupewa kazi hiyo na misuli sita inayolivuta juu, chini, kando na kulizungusha. Msuli mmoja ukizidi nguvu, au neva iuamrishayo ikidhoofu, au, kama ilivyo aghalabu kwa watoto wenye kuona mbali kuliko karibu, juhudi ya kukaza macho ili kuona ikiyavuta yote mawili kuelekea puani, mmoja wa wenzi hawa wawili hupotoka njia.

Mtu mzima likimpata hilo ghafla, huona vitu viwili viwili na kukimbilia hospitali. Mtoto hafanyi hivyo. Ubongo wake, ukiwa bado mlaini, hauvumilii fujo ya sura mbili. Huchagua moja na kuizima nyingine, na jicho lililozimwa, ingawa ni zima, mboni yake nzuri na kioo chake safi, hubaki kama mtumishi ambaye kila siku huja kazini na kila siku huambiwa leo hakuna kazi, hata mwisho akaisahau kazi yenyewe. Matabibu huita hali hiyo uvivu wa jicho, jina ambalo mimi siliafiki, kwa kuwa jicho lenyewe halikukataa kazi.

> Jicho lililopinda si bovu. Limenyimwa kazi tangu utotoni.

David Hubel na Torsten Wiesel, waliofanya kazi Marekani katika miaka ya 1960, waliyafumba macho ya paka wachanga, jicho moja kwa kila mmoja, na walipoyafumbua baada ya miezi michache wakakuta chembe za ubongo zilizopasa kulitumikia jicho lile zimehamia kwa mwenziwe. Lakini walipomfanyia hivyo paka mkubwa, hakudhurika. Waligawiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Paka wale ndio waliotufundisha kwamba macho yana msimu wake kama yalivyo mashamba, na kwamba kwa binadamu sehemu kubwa ya msimu huo humalizika mtoto afikapo miaka 7 au 8.

Wazee wa pwani walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Walikusudia kwamba mapenzi huipunguza aibu ya mpendwa, na juu ya mapenzi walisema kweli. Juu ya macho, njia yaenda kinyume: ni kengeza ambalo, likiachwa likapita msimu wake, hugeuka kuwa chongo, tena chongo lisilodhihirika, kwa kuwa jicho lipo na lang'aa.

Dawa iliyoitangulia miwani

Yastaajabisha kwamba tiba ya msingi ya maradhi haya ina umri mkubwa kuliko miwani yenyewe. Thabit ibn Qurra wa Harran, aliyefariki mwaka 901, ndiye ambaye wanahistoria wa tiba humtaja miongoni mwa wa kwanza walioshauri kwamba mwenye kengeza afunikwe jicho lile zuri, ili lile lililozoea kukaa bure lilazimike kufanya kazi. Na miwani haikuonekana Italia hadi karne ya 13 ikielekea mwisho. Mfaransa Buffon alilirudia shauri hilo mwaka 1743, na kibandiko ambacho mtoto hubandikwa leo hakitofautiani nalo ila kwa gundi.

Kilichobadilika ni kipimo. Zamani mtoto aliweza kufungwa jicho kutwa nzima, akadhalilika darasani na kuuchukia ulimwengu. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, uliowafuata watoto wasiofikia miaka 7 wenye udhaifu wa wastani, ulionyesha kwamba saa 2 za kibandiko kwa siku zilileta nafuu sawa na saa 6. Mwaka mmoja kabla yake ulitoka mwingine ulioonyesha kwamba tone la atropini, linalotia ukungu jicho zuri, karibu lalingana na kibandiko. Saa 2 ni muda ambao mama anayekwenda kuokota mwani Kibuyuni aweza kuupata. Saa 6 hangeupata.

Lakini kibandiko hakitangulii. Hutangulia miwani, kwa sababu kwa watoto wengi ambao jicho limevutwa puani kwa juhudi ya kuona, lenzi inayoiondoa juhudi hiyo huliacha jicho lijirudie lenyewe mahali pake, na mzazi aliyekuwa akihofu kisu akashangaa kuona vioo viwili na fremu ya plastiki vimemaliza shughuli.

Nani aishike tochi?

Hapa ndipo watu wanapohitilafiana, na hitilafu yao si ya bure.

Kwale si kaunti isiyo na tabibu wa macho. Mwabungo, njia ya kwenda Msambweni, kipo kituo cha macho alichokianzisha Daktari Helen Roberts mwaka 1993, ambacho kimezoea kuwatuma watu wake vijijini badala ya kuwangoja wagonjwa mlangoni. Na ipo hospitali ya rufaa ya kaunti pale Msambweni. Walakini mwenye kutoka Mkwiro au Wasini shurti kwanza avuke mkondo, kisha apande gari hadi njia panda ya Kanana, kisha aingie barabara kuu itokayo Lunga Lunga, na kurudi ni vivyo hivyo. Na kwa mvuvi hiyo ni siku nzima ya bahari iliyokwenda, kwa ajili ya mtoto ambaye halii, haumwi wala hana homa.

Wako wanaoshikilia kwamba upimaji wa macho ni taaluma, na kwamba mwalimu mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati hawezi kuongezewa kazi ya tabibu. Atawapeleka wasio wagonjwa, atawaacha walio wagonjwa, na kliniki itafurika watu wasiohusika. Sauti hii si ya kupuuzwa. Nimeona mistari ya kliniki.

Wako wa upande wa pili wanaosema kwamba mwalimu humwona mtoto kila siku, ilhali tabibu humwona mara moja, pengine asimwone abadani. Hoja yao ilipata nguvu kutoka Trans Nzoia, kwenye ncha nyingine ya nchi, ambako tabibu Hillary Rono na wenzake waligawanya shule 50 mafungu mawili: katika 25 walimu walipima kwa programu ya simu iitwayo Peek, na wazazi wa watoto waliogunduliwa wakawa wanakumbushwa kwa ujumbe, na katika 25 nyingine walipima kwa karatasi ya kawaida. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018 na yaliyohusu watoto zaidi ya 20,000, yalionyesha kwamba katika fungu la kwanza asilimia 54 ya waliotakiwa kwenda hospitali walikwenda, na katika fungu la pili asilimia 22 tu.

Mimi husoma tarakimu hizo kwa namna yangu. Habari kubwa hapo kwangu ni ule ujumbe wa kumkumbusha mzazi, kuliko simu yenyewe. Mtoto aliyegunduliwa na asipelekwe hakupata faida yoyote, ila karatasi.

> Aliyepimwa macho yote mawili kwa pamoja hakupimwa. Jicho zuri limemjibia mwenziwe.

Na liko jambo ambalo pande zote mbili hulikubali lakini hukiukwa kila uchao, nami ni shahidi wake. Nilipokuwa mwanafunzi, alikuja mtu shuleni kwetu akatundika ukutani ile karatasi ya herufi iliyobuniwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, akatupanga mstari, na kila mtoto akasoma macho wazi yote mawili, upesi upesi, kengele ya chakula ikikaribia. Nilisoma hadi mstari wa chini na kupigiwa makofi. Nilikuwa na umri wa miaka 31 nilipoambiwa kwamba jicho langu la kushoto husoma mistari miwili ya juu tu na halipati nafuu kwa miwani yoyote. Macho yangu hayakupinda hata kidogo. Lilikuwa jicho moja lenye nguvu na jingine lenye kuhitaji lenzi, na la kwanza likalificha la pili kwa miaka yote hiyo.

Watoto wa namna yangu ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa mwenye kengeza angalau huchekwa, na kicheko ni aina ya tangazo. Sisi hatukutangazwa.

Kabla ya darasa la kwanza

Maadamu msimu wa macho huanza kufungwa mtoto akiwa darasa la kwanza au la pili, mtu ana haki ya kuuliza kwa nini tumngoje mpaka afike huko. Mtoto wa Kenya huletwa kliniki kwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na huitwa tena akiwa na miezi 18, na katika siku hizo mbili kinachohitajika ni tochi ndogo na nusu dakika.

Hilo lina asili yake. Julius Hirschberg, tabibu wa Berlin wa karne ya 19 ambaye pia alijifunza Kiarabu na kuandika historia ya matabibu wa macho wa zama za Baghdad, alitambua kwamba mtu akimulikwa kwa mwali mmoja, nuru huakisi kama nukta juu ya kioo cha kila jicho. Na nukta zikiwa mahali pamoja katika macho yote mawili, macho yamenyooka, na moja ikiwa kando, jicho hilo limepotoka. Mtoto hatakiwi kusoma wala kusema, atazame mwanga tu. Njia hii huwaondolea hofu pia wazazi wa watoto wenye mwanzi wa pua mpana, ambao macho yao huonekana yamepinda kwa sababu ngozi imeziba weupe upande wa pua, ilhali nukta ziko sawa.

Kwa wa miaka 3 au 4 kuna picha badala ya herufi: nyumba, mviringo, mraba na tufaha, alizozibuni daktari wa Ufini Lea Hyvärinen. Mtoto wa Shimoni huliita lile tufaha embe, na hakuna ubaya wowote, maadamu huliita embe kila mara.

Tochi hiyo hiyo hutazamia jambo zito zaidi. Mboni inayong'aa nyeupe, ama kwa tochi ama katika picha ya simu ambapo jicho moja limetoka jekundu na la pili limetoka jeupe kama la paka, yaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho ya watoto. Na kengeza ni dalili yake ya pili kwa wingi. Wengi wenye kengeza hawana saratani. Ila yule mmoja mwenye nayo, akingojeshwa mwaka ili jicho lijinyooshe lenyewe, hupoteza jicho na huenda akapoteza uhai. Kwa hiyo lile neno la majirani, mwache, litanyooka akikua, lina ukweli kwa mtoto wa miezi mitatu ya mwanzo, ambaye macho yake bado yanajifunza kwenda pamoja, na halina ukweli kwa mwingine yeyote.

Na aliyepitwa na wakati?

Nikaulizwa na mwalimu mmoja wa Majoreni, ambaye binti yake ana miaka 10, kama basi arudi nyumbani akalie. Hasha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, uliowahusu watoto 507 wa miaka 7 hadi 17, ulionyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 13, zaidi kidogo ya nusu ya waliopewa miwani pamoja na kibandiko na matone walipata nafuu, na waliopewa miwani peke yake robo tu. Mlango hufungwa taratibu, kwa hiyo nisingependa tarakimu ya miaka 7 itumiwe kama hukumu.

Wako pia wanaobishana juu ya upasuaji. Mpasuaji haliondoi jicho mahali pake, kama wengi wanavyodhani. Huusogeza mshiko wa msuli kwa milimita chache, au huufupisha, ili mvuto wa pande mbili ulingane. Kwa mtoto hufanywa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, na ni huo usingizi, zaidi ya kisu, unaowafanya wengine wapelekwe hadi hospitali kubwa kama ya Kikuyu. Ubishi ni huu: baadhi huona kwamba jicho ambalo nuru yake haitarudi halifai kupoteza kitanda kwa ajili ya urembo. Mimi siliiti jambo hilo urembo, kwa kuwa sijapata kumwona msichana aliyeitwa kwa jina la jicho lake mbele ya watu akalihesabu kuwa dogo.

Aidha, kwa haki ya maneno, mtu mwenye jicho moja si kiwete. Nimepata kusafiri na nahodha mwenye chongo aliyeuingia mkondo wa Wasini usiku wa kusi bila kuligusa jiwe, kwani umbali hupimwa pia kwa vivuli, kwa ukubwa wa vitu na kwa mwendo wao. Hofu yangu ni juu ya lile jicho la pili. Katika nchi ya ndoana, miiba ya dema na mishipi inayokatika kwa ghafla, jicho zuri la mvuvi li katika hatari kila siku, na siku litakapodhurika, mwenziwe hatakuwa na kazi anayoikumbuka.

Baina ya Alasiri na Magharibi

Nilirudi Shimoni baada ya wiki saba. Yule mtoto alikuwa amevaa miwani mizito iliyofungwa kisogoni kwa mpira wa nguo, na nyuma ya vioo jicho la kushoto lilikuwa limerudi karibu na mahali pake. Alipoivua kunionyesha, likakimbilia puani kama zamani, naye akaivaa tena, akanyoosha mgongo kama mtu aliyemaliza kuonyesha mazingaombwe.

Bibi yake hana saa. Kibandiko hukibandika adhana ya Alasiri ikimalizika, na kukibandua kabla ya Magharibi haijaadhiniwa, hesabu ambayo huzidi kidogo zile saa 2 alizoagizwa, lakini hupunguza kwa kuwa mtoto huchungulia pembeni kila amgeuziapo kisogo. Siku za mwanzo, alinieleza, alilia na kudai amefungiwa shimoni na popo. Sasa huchambua choroko kwenye ungo, kokoto upande huu na choroko upande ule, kwa jicho hilo hilo la moshi. Bibi hukagua. Siku ile alikuta kokoto tatu.

Dau la babu yake lilikuwa limepandishwa mchangani kupakwa sifa, na kwenye omo, kama yalivyo majahazi mengi ya Lamu, lilichorwa jicho kila upande, macho mawili ambayo tangu kuundwa kwa chombo hayajapata kutazama kitu kimoja. Juu ya jicho la kulia palikuwa na kibandiko cha jana, kimeanza kukunjamana kwa chumvi.

Nilimwuliza mtoto ni nani aliyekiweka pale. Hakuinua uso kutoka kwenye ungo. Akasema dau nalo limeambiwa livae, mpaka Magharibi.